Kona ya Duka la Vioo

Kona ya duka la vioo ndipo Mama Pasi alipokuwa akianza kuchechemea. Kabla ya hapo alitembea kama watu wote, tena kuliko watu wote: mabega chini, shingo juu, mikono imelegea, mwanamke mzima aliyetoka kupumua asubuhi na mapema na kuipenda dunia. Akishaifikia ile kona na kuziona shuka za kwanza zikipepea uani kwao, mguu wa kushoto ulizembea, mkono ukaenda kiunoni, na uso ukajikunja kidogo, si sana, kiasi cha kupewa pole. Vioo vikubwa vya fundi vilivyoegemezwa ukutani vilimwonyesha yote hayo, kwa hiyo alipita akitazama chini. Aliona aibu kila siku, na kila siku alifanya vilevile. Ukitaka kujua jinsi mtu mwema anavyogeuka mwongo bila kupoteza hata hamu ya kula, anza na huyu.

Jina la Mama Pasi alipewa na mtaa, maana hakuwa mama wa mtu. Alikuwa na mdogo wake, Kitinda, na kwa haki huyo alitosha kuwa mtoto. Baba yao alipofariki Kitinda alikuwa bado anatambaa, mama yao akaishiwa macho na magoti kwa mpigo mmoja, na dada mtu akaenda kupiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili kabla hajamaliza kuwa msichana. Dobi alipozeeka akamwachia duka: chumba cha mbele chenye meza ya pasi na rafu, chumba cha nyuma chenye mabeseni na mashine inayorukaruka ikikamua, na mlango wa kutokea uani kwenye kamba. Nguo za watu walizipokea, lakini kilichowalisha ni shuka za nyumba za wageni, zilizoletwa kila asubuhi katika mafurushi na kutakiwa kurudi kabla jua halijaanza kuteremka.

Shuka, kwa asiyejua, hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake pembe mbili, wanavutana mpaka makunyanzi yanyooke, wanasogeleana, mmoja anampa mwenzake pembe zake kisha anainama kuokota mkunjo unaoning'inia. Halafu tena. Mama Pasi na Kitinda walifanya hivyo tangu Kitinda hajakifikia kimo cha meza, na humo katika kwenda na kurudi ndimo walimosemezana mambo yao yote: nani kaposwa, nani kafukuzwa kazi, mteja gani anavaa soksi mpaka zinasimama zenyewe. Asubuhi ilikuwa saa ya shuka, na saa ya shuka ilitaka mikono minne.

Mama Pasi wa siku hizo hakuwa mtu wa amani. Alikuwa na ulimi unaochoma kuliko chombo chake cha kazi, na wateja waliulizana mlangoni leo kaamkaje. Halafu siku moja ya mvua, akinyanyua tenga la shuka zilizolowa, kitu kikaalika kiunoni mwake, akabaki ameinama hivyo hivyo mpaka Kitinda na jirani walipomlaza juu ya rundo la foronya. Kliniki wakampa vidonge na mazoezi, na muuguzi mmoja akamnong'oneza kwamba kuna mwalimu wa yoga mwenye chumba juu ya duka la magodoro, anafundisha asubuhi, aende akajaribu. Mama Pasi akauliza hiyo yoga ni dini au ni ugonjwa. Muuguzi akamwambia ni kujinyoosha na kupumua, basi, na kwamba kwa mtu mwenye hasira kama zake isingemdhuru.

Akaenda akiwa amenuna. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba aliyestaafu ukarani, ambaye magoti yake yalialika kila alipokaa na wala hakuona haya. Wanafunzi walikuwa wachache, akiwemo mzee mmoja aliyekuwa akikoroma kila wakati wa kutafakari ulipofika. Walijikunja mgongo kama paka, wakainua makalio juu kama mbwa aliyetoka usingizini, na mwisho wakaambiwa walale chali, viganja wazi, macho yamefumbwa, bila kufanya lolote. Mwalimu aliuita huo mlalo wa maiti. Mama Pasi akasema yeye hana haraka hiyo, akabaki amekaa. Siku ya pili akalala.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea unamuuliza nani. Alisikia pumzi yake ikiingia na kutoka, akashangaa kwamba kumbe ilikuwa ikifanya kazi hiyo miaka yote bila kushukuriwa. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyetaka shati. Tangu utotoni hakuwahi kulala akiwa macho bila mtu kumhitaji, na sasa machozi yakamtoka, yakateremka kando ya uso mpaka masikioni, naye akayaacha. Furaha ikamjia, si ile ya kucheka, bali nyingine ya kimya ambayo hakuwa na jina lake kwa kuwa hawakuwahi kukutana. Aliporudi dukani, mteja aliyekuja kulalamikia kifungo kilichopotea alijibiwa kwa upole mpaka akarudi mlangoni kuuliza kama Mama Pasi ni mzima.

Mgongo ukapona, na shida ikaanza. Mvua hazijakatika sawasawa, Mama Pasi alikwisha kuweza kuinama na kugusa vidole vya miguu yake, jambo ambalo hakuliweza hata alipokuwa binti. Asubuhi moja Kitinda, akiwa na shuka begani, akamuuliza kama bado anaendelea na kliniki, maana siku zote ndivyo walivyopaita kule, kliniki. Mama Pasi akafungua mdomo aseme kweli. Kilichotoka ni kwamba bado, wamesema asikatishe.

"Basi usikatishe, dada," Kitinda akasema. "Shuka nitazimudu."

Kwa nini alisema vile? Aliwahi kujiuliza, na jibu halikumpendeza. Katika nyumba ile maumivu yalikuwa na ruhusa, raha haikuwa nayo. Mgonjwa akiondoka saa ya kazi anasindikizwa mpaka mlangoni. Mtu mzima wa afya, mwenye mikono miwili, anayeacha shuka za watu ili akalale chali juu ya duka la magodoro na kusikiliza pumzi yake, huyo anasindikizwa na nini? Aliona haya kuomba. Akajiambia ni kwa wiki hiyo tu.

Uongo ule haukukubali kukaa peke yake, ukaleta ndugu zake. Mgonjwa wa mgongo hawezi kurudi akitembea kama bibi harusi, basi akaanza kuchechemea, na mara ya kwanza akasahau ni mguu gani, akaingia dukani na wa kulia na kutoka na wa kushoto. Akaamua uwe wa kushoto moja kwa moja. Mgonjwa wa mgongo hanyanyui tenga, basi likanyanyuliwa na Kitinda. Kila Kitinda alipojikaza kisabuni kulipandisha tenga kiunoni, dada yake alimwambia kwa huruma abebe nusu nusu, naye Kitinda akajibu kwamba nusu nusu ni ya watu wenye muda.

Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama yao alikuwa na desturi ya kuwashika mikono wote wawili na kuomba kabla ya chakula, na tangu siku ya tenga aliuombea mgongo wa mwanawe, kwa kirefu, akipiga magoti na magoti yenyewe hana. Kitinda akafuata, akaomba kwa ufupi na kwa uchungu, kama mtu anayedai. Na Mama Pasi, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amejikunja kuliko foronya, akaitikia amina.  Kisha akavuta sahani yake.

Siku moja alirudi mapema kidogo akaona msumari. Ulikuwa umepigiliwa kwenye mwimo wa mlango wa nyuma, usawa wa kifua, na kufungwa kitambaa usichane nguo. Kitinda alikuwa ametundika hapo pembe za shuka, yeye kashika upande wa pili, anavuta, anakunja, anausogelea, anarudi. Alikuwa akiusimulia msumari habari za yule mteja wa soksi. Mama Pasi akasimama nyuma ya pazia la chumba cha mbele akasikiliza mpaka mwisho wa kisa, mahali pa kucheka, na Kitinda akacheka mwenyewe. Dhamiri ikamsuta vibaya. Akatoka tena nje, akahesabu pumzi zake kama alivyofundishwa, akaingia akichechemea.

Pengine angeendelea hivyo mpaka uzee, kama isingekuwa pembe za Kitinda. Msimamizi wa hoteli kubwa ya mji mwingine alikuwa amelala katika moja ya zile nyumba za wageni, na asubuhi akauliza ni nani amekunja shuka pembe zikakaa sawasawa namna ile. Akaelekezwa, akaja mwenyewe, akasimama mbele ya rafu akizipapasa kwa kidole. Akamwambia Kitinda kwamba anatafuta mtu wa kusimamia chumba chake cha shuka, chenye wafanyakazi, mashine zilizotulia, na pa kulala. Alitaka jibu kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo nafasi angempa mwingine.

Mama Pasi aliuona uso wa mdogo wake ukiwaka. Akaona pia ukizimwa, na aliyeuzima ni Kitinda mwenyewe.

"Nashukuru sana, mzee, lakini siwezi," Kitinda akasema. "Dada yangu ana mgongo. Sina wa kumwachia."

Msimamizi akageuka kumtazama huyo mwenye mgongo, aliyekuwa ameegemea meza, mkono kiunoni kama ilivyokuwa kawaida yake, akampa pole. Akaacha namba yake ya simu, akasema Ijumaa bado haijafika. Wakati huo wote pasi ilikuwa imetulia juu ya shati la mteja, na harufu ndiyo iliyowashtua. Kola ikatoka na alama ya kahawia. Kitinda akamnyang'anya pasi taratibu, akamuuliza kama maumivu yamemshika, naye akatikisa kichwa kukubali. Hapo hakusema uongo.

Maneno yalikuwa machache tu: mgongo umepona, nenda. Alikuwa nayo mdomoni usiku huo, na asubuhi akaenda nayo darasani. Na darasani mwalimu, bila kujua analolifanya, akamwondolea. Alikuwa akiwafundisha kutafakari, akawaambia wazo likija waliangalie tu, wasiligombeze wala wasilikaribishe, maana wazo ni kama mtu anayepita mbele ya duka lako. Mwache apite. Mama Pasi alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote. Uso wa Kitinda ukaja, akauacha upite. Msumari ukaja, ukapita. Magoti ya mama yakaja, yakapita yakialika. Aliposhuka ngazi alikuwa mwepesi, ana tabasamu, hana kosa na mtu. Watu wengine wakizidiwa hunywa. Yeye alipumua.

Nisieleweke vibaya, yoga haina hatia. Ilikuwa imemponya kweli, mgongo na ulimi. Ila dawa ya mgongo alikuwa sasa anainywa kwa ugonjwa ambao hakutakiwa kuuponya hivyo, na ilifanya kazi mpaka kona ya duka la vioo, ambapo mguu ulizembea na kila kitu kikamrudia. Katikati ya wiki akamuuliza mwalimu, kwa sauti ya mtu asiyehusika, kwamba je, wazo likirudi? Mwalimu alikuwa anakunja mikeka. Akamjibu kuwa likirudi, aliache lipite tena. Mama Pasi akafurahi kama mtu aliyepigiwa muhuri ofisini.

Alhamisi jioni akapiga moyo konde aseme mbele ya mama. Wakashikana mikono. Mama akaomba mgongo. Kitinda naye akaomba mgongo, kisha akaongeza ombi ambalo hajawahi kuliomba, kwamba apewe moyo wa kuridhika hapo alipo. Mama Pasi akaitikia amina. Chakula kikaletwa, na baada ya amina ile kweli yoyote ingewatisha, basi akala.

Ijumaa akalala mlalo wa maiti, viganja wazi. Wazo likaja likasimama. Akaliacha lipite, likapita, likarudi. Akaliacha tena, likarudi pale pale. Na hapo, chali juu ya mkeka, ujuzi wake wa dukani ukamfikia kwa kuchelewa. Mpita njia alimjua vizuri. Mpita njia hutupa jicho ndani akaenda zake. Lakini mtu anayerudi kila asubuhi na kusimama mlango ule ule bila kusema neno, huyo si mpita njia. Huyo ana nguo yake humo ndani, na ataendelea kuja mpaka apewe.

Akaketi. Wote walikuwa wamelala, mzee anakoroma. Mwalimu akafungua jicho moja. Mama Pasi akamnong'oneza kwamba samahani, kuna kitu cha mtu amekizuia, akaokota ndala zake na kushuka ngazi, akazivalia barabarani.

Alitembea upesi, mabega chini, shingo juu. Akaifikia kona. Akaipita. Fundi vioo alikuwa ameinamia meza yake anakata kioo, na hakuinua kichwa.

"Leo umesahau kuchechemea, Mama Pasi."

Akasimama kama aliyemwagiwa maji. Akamuuliza amejua tangu lini.

"Mimi nauza vioo," fundi akasema.

Akamuuliza kama amewahi kumwambia Kitinda. Fundi akasema hapana, mguu haukuwa wake. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma. Kumbe kila asubuhi, wakati yeye anajitayarisha kuwa mgonjwa, palikuwa na mtu anamtazama, anakata vioo, anasikitika.

Alipoingia dukani Kitinda alikuwa kwenye msumari. Tenga la shuka mbichi lilikuwa kando ya mashine. Mama Pasi hakusalimu. Alipiga magoti, akalikumbatia tenga kama alivyofundishwa kunyanyuka, akasimama nalo lote, akavuka nalo chumba mpaka mlango wa uani, akalitua.

"Dada, mgongo," Kitinda akasema, na mikono yake ilikuwa imekwisha kunyooshwa kumpokea.

"Mgongo hauumi. Ulipona zamani."

Kitinda akatazama tenga, akamtazama dada yake kuanzia ndala mpaka shingo. Mikono ikashuka yenyewe. Akauliza zamani lini, akaambiwa kabla mvua hazijakatika. Akauliza kliniki, akaambiwa hakuna kliniki, kuna chumba juu ya duka la magodoro, watu wanajinyoosha na kulala chali na kunyamaza, na kwamba hakuna mahali pengine duniani alipowahi kuwa na amani namna ile. Mama Pasi alisema yote, akasema na habari ya kona. Kitinda alisikiliza bila kumkatiza, shuka bado imening'inia kwenye msumari.

"Na ulikuwa unaitikia amina," akasema mwishowe.

"Nilikuwa naitikia."

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba unapapenda? Ningekwambia nenda."

"Niliona haya. Mgonjwa anahurumiwa, Kitinda. Mtu mwenye raha anaulizwa kazi zake."

"Na nani? Mimi nimewahi kukuuliza?"

Hakuwahi. Mama Pasi alitafuta katika maisha yao yote mahali ambapo mdogo wake aliwahi kumnyima kitu, hakupaona. Akasema jambo moja tu lililobaki la maana, kwamba leo bado ni Ijumaa, ampigie yule mzee. Kitinda akajipangusa mikono kwenye nguo, akachukua simu, akatoka uani. Kutoka mlangoni Mama Pasi aliona miguu yake tu chini ya shuka zilizoanikwa, ikienda, ikirudi, ikisimama. Mashine ikaanza kukamua na kurukaruka. Akaiegemea kwa uzito wake wote ili inyamaze, asikie, na hakusikia kitu.

Kitinda aliporudi alisema ameambiwa Jumatatu. Kisha akaitoa shuka kwenye msumari, akamnyooshea dada yake upande mmoja.

"Shika pembe," akasema. Wakakunja mpaka rundo likaisha, na hawakusemezana.

Mama aliambiwa jioni. Aliwageuzia macho yake yasiyoona vizuri mmoja baada ya mwingine, kisha akasema basi huenda maombi yale yalimfikia mwingine mwenye mgongo. Hakucheka. Alishika mkono wa Kitinda, akaombea safari. Mkono wake wa pili ulibaki mapajani, na Mama Pasi hakujua kama anaruhusiwa kuitikia.

Jumatatu Kitinda alifunga begi lake kama anavyokunja shuka. Mlangoni walikumbatiana, kwa namna ya watu wanaotazamwa. Akavuka kizingiti, akageuka.

"Msumari nimekuachia," akasema. "Kitambaa chake ukibadilishe, kimechakaa."

Tangu hapo shuka zimekuwa za mikono miwili. Mara ya kwanza pembe zilichomoka, shuka nyeupe ikafagia sakafu yote, ikarudi majini. Nyumba moja ya wageni imehamia kwa dobi mwingine. Darasani hafiki tena, saa ile ni ya kazi, lakini kunapopambazuka anautandika mkeka katikati ya chumba cha mbele na kufungua mlango wazi kabisa, mtaa mzima umwone. Asiyetaka kuona makalio ya mbwa aliyetoka usingizini apite upande wa pili. Fundi vioo alipomwona mara ya kwanza katika mlalo wa maiti aliuliza kama aite watu wa mazishi. Ile furaha ya kimya huja, si kila siku. Hatia huja kila siku, inasimama mlangoni pale pale. Haiachi ipite. Anaifungulia, wanakaa wote.

Halafu matenga yakafanya kazi yake. Mgongo ulimshika tena, safari hii bila mzaha, na maumivu yakateremkia mguu wa kulia. Alikwenda kununua sabuni akichechemea, na kwenye kona fundi akamtazama katika vioo vyake.

"Umekosea mguu, Mama Pasi," akasema. Mama Pasi alicheka mpaka kiuno kikamkata, akashika ukuta, na mwishowe kicheko kikawa kilio.

Kitinda hupiga simu Jumapili. Na mama huzungumza kwa kirefu, na dada kwa kifupi, salamu na hali ya hewa. Jumapili ile, pengine mama alikuwa amemdokezea, akauliza mgongo vipi. Mama Pasi angeweza kusema ni mzima, na lingekuwa jambo jepesi kwa wote. Lakini alikuwa amejiapiza kutosema uongo tena.

"Unauma," akasema. "Tangu juzi. Ni kweli, Kitinda."

 Upande wa pili zilisikika mashine, zimetulia kweli, zinanguruma kwa pamoja bila kuruka.

"Sasa mimi nitajuaje, dada?"

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.  Maneno ya kweli yalikuwa yale yale Mama Pasi aliyokwisha kuyatumia kwa uongo, mengine hakuwa nayo. Alihema mara moja, taratibu, si kwa ajili ya amani, ni ili sauti isimsaliti.

"Huwezi kujua," akasema.

Mashine zikaendelea kunguruma. Alidhani Kitinda ameiweka simu mezani akaenda zake.

"Beba nusu nusu, basi," Kitinda akasema, kisha akaomba apewe mama.

Asubuhi ya pili yake Mama Pasi alilimwaga tenga nusu kwenye beseni. Akapiga magoti, akanyanyua nusu, akaivusha mpaka uani akiburura mguu wa kulia, akaanika. Akarudi kuchukua nusu ya pili.